Chapa ipi ya betri hudumu zaidi? Utatuzi wa matatizo ya jaribio la kulinganisha wastani

Betri za AA za chapa A na za chapa B, zipi hudumu zaidi kwa wastani? Kulijibu swali hili kunahitaji rezista chache, mita, na safu mbili za namba kwenye Excel. Shida huanza pale majibu yanapogoma: p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hiyo kwa bahati tu, kama chapa zingekuwa sawa) haishuki, au inashuka mno hadi inatia shaka, programu mbili zinatoa majibu mawili, betri moja inaonekana kudumu saa 24 ilhali nyingine zote zimekwisha kwenye saa 18. Mara nyingi kosa haliko kwenye fomula. Liko mezani: namna betri zilivyonunuliwa, zilivyofungwa, na muda ulivyoandikwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mezani kabla ya kugusa hesabu.

## Jaribio tunalolirejelea

Kila betri inafungwa peke yake kwenye kibebeo chake, na rezista ya omu 10 inaunganishwa kati ya chanya na hasi. Betri mpya ya volti 1.5 hadi 1.6 itasukuma takriban ampea 0.16, na rezista itabeba karibu wati 0.25. Rezista ya robo wati hapo iko kwenye kikomo chake. Itachemka na thamani yake itahama. Tumia ya wati 1.

Muda wa kudumu ni saa tangu kuunganisha hadi volti iguse 0.90 kwa mara ya kwanza, ikipimwa kwenye vichwa vya betri yenyewe huku mzigo ukiwa bado umeunganishwa. Soma mita kila nusu saa, na volti ikishuka chini ya 1.05 soma kila dakika 10. Kama ulipitiwa na usingizi, kadiria kwa mstari ulionyooka: ukiwa na 0.93 kwenye saa ya 17 na nusu, na 0.87 kwenye saa ya 18, basi 0.90 ilivukwa katikati, yaani 17.75. Usiandike 18 kwa sababu tu ndipo ulipoamka.

Hizi ni namba za kufundishia hesabu, si matokeo ya chapa yoyote iliyoko dukani. Ni saa za kudumu za betri nane kwa kila chapa:

A: 17.2, 18.1, 17.6, 18.4, 17.9, 16.8, 18.0, 17.6
B: 16.9, 15.6, 17.8, 16.2, 17.5, 15.9, 17.1, 16.6

Wastani wa A ni 17.70, mkengeuko sanifu (kipimo cha namna namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) 0.52. Wastani wa B ni 16.70, mkengeuko sanifu 0.77. Tofauti ni saa 1.00. Kosa sanifu la tofauti hiyo hupatikana kwa kugawanya mraba wa kila mkengeuko kwa idadi ya betri, kujumlisha, kisha kutafuta kipeuo cha pili: 0.33. Tofauti ikigawanywa kwa kosa sanifu inatoa t ya 3.05. Kwa njia ya Welch (isiyodai makundi yawe na mtawanyiko sawa) digrii za uhuru, yaani kiasi cha taarifa huru zilizopo za kukadiria mtawanyiko, ni 12.2, p ni takriban 0.01, na masafa ya kuaminika ya 95%, yaani eneo ambamo tofauti ya kweli inakadiriwa kuwamo, ni kuanzia saa 0.29 hadi 1.71.

Kama jaribio lako lilikwenda hivi bila mzozo, huna haja ya kuendelea kusoma isipokuwa sehemu ya mwisho.

## Dalili: chapa moja inaishinda nyingine mara mbili au tatu

Kabla ya kusifu au kulaani, geuza betri usome herufi. LR6 ni alkalaini. R6 au R6P ni zinki na kaboni. HR6 ni ya kuchaji, ya volti 1.2. Zote zina umbo la AA na zote huingia kwenye rimoti ileile, lakini kuzishindanisha ni kulinganisha aina za kemia, wala si chapa. Kampuni moja huweza kuuza LR6 na R6 zenye rangi zinazokaribiana, na muuza duka akachanganya kwenye kisanduku kimoja. Kwa mzigo wa omu 10 usiopumzika, R6 itaachwa mbali na LR6 hata kama zimetoka kiwanda kimoja.

Angalia pia tarehe ya mwisho iliyochapwa. Betri hupoteza nguvu kidogo kidogo hata ikiwa kwenye pakiti, na duka lenye joto huharakisha. Ukilinganisha A iliyobakiza miaka sita na B iliyobakiza miezi minane, umepima umri. Chagua pakiti ambazo tarehe zake zinakaribiana, na uandike tarehe hizo kwenye daftari la matokeo.

## Dalili: thamani moja imezidi au imepungua kwa saa 6 au 12 kamili

Hii ni ya kwetu hasa. Mmoja aliwasha jaribio saa 2 asubuhi akaandika "2:00". Mwenzake wa zamu ya usiku akatazama simu, akaona 02:00, akaandika hivyo na tarehe ya siku ya pili. Betri ilidumu saa 18, tangu 08:00 hadi 02:00, lakini kwenye jedwali imedumu saa 24. Wakikosea wote wawili kwa namna moja tofauti inajirekebisha. Ni mchanganyiko wa saa za Kiswahili na saa za simu unaozaa tatizo. Ukiona thamani iliyoachana na wenzake kwa 6 au 12 bila hata dakika za ziada, usiende kwenye takwimu. Rudi kwenye daftari uone mwandiko wa nani.

Dawa ni kuandika tarehe na saa kwa mtindo wa saa 24 kama simu inavyoonyesha, safu moja ya kuanza na moja ya kumaliza, na kuacha Excel itoe. Hapo kuna mitego mingine miwili. Ukiandika saa bila tarehe na jaribio likavuka usiku wa manane, matokeo yanakuwa hasi na kisanduku kinajaa alama za #####. Na Excel huhifadhi muda kama sehemu ya siku, hivyo saa 30 zikiwekwa kwenye umbo la h:mm zitaonekana 6:00. Tumia umbo la [h]:mm kwa kutazama, na kwa hesabu zidisha tofauti kwa 24 ili upate saa za desimali. Ukisahau kuzidisha, p haitabadilika, lakini wastani wako utakuwa 0.74 na utajiuliza betri gani hii.

## Dalili: betri za chapa moja zinatofautiana mno zenyewe kwa zenyewe

Mkengeuko sanifu wa saa 0.5 hadi 0.8 katika saa 17 ni wa kawaida kwa namba zetu. Ukipata saa 2 au 3, tofauti yoyote ya chapa itazama humo. Wahalifu kwa mpangilio wa kuwatafuta:

Rezista. Zile za kawaida zina uvumilivu wa 5%, mstari wa dhahabu. Maana yake "omu 10" inaweza kuwa 9.5 au 10.5. Betri iliyopewa 10.5 inasukuma umeme karibu 10% chini ya ile ya 9.5, na katika saa 17 hiyo ni karibu saa 1.7, kubwa kuliko tofauti yote tunayoitafuta. Nunua za 1%, au pima kila moja kwa mita (kwanza gusanisha nyaya za mita zenyewe, usome omu zake, uzitoe) na uchague zinazolingana. Hata baada ya hapo, usizipe A rezista zote za upande mmoja wa kisanduku. Zipe vibebeo namba 1 hadi 16, kisha piga kura kwa vikaratasi: betri gani iende kibebeo gani.

Miguso. Springi yenye kutu au waya uliosokotwa bila kulehemu huongeza omu 0.3 bila taabu. Hiyo ni 3% ya mzigo, na betri itadumu karibu nusu saa zaidi kwa kuwa inabebeshwa mzigo mwepesi. Ukiwa unapimia kwenye miguu ya rezista badala ya vichwa vya betri, kosa linageuka: volti inayopotea kwenye springi huonekana kama betri imeshuka, nawe unaifunga mapema. Safisha kwa msasa laini, lehemu nyaya, pimia kwenye betri.

Betri kubadilika kati ya masomo. Kuna anayechomoa betri, anaipeleka kwenye mita, anasoma 1.2 na kuirudisha. Betri ikitolewa mzigo hupumua na volti hupanda tena, zinki na kaboni zaidi ya alkalaini. Volti ya betri iliyopumzika haisemi lolote kuhusu kikomo cha 0.90. Na hata ikiwa imeunganishwa, inaweza kushuka hadi 0.89, ikapanda 0.91 baada ya mtu kugusa waya. Kanuni inabaki: mara ya kwanza tu.

Joto. Kama A zote ziko upande wa dirisha na B zote upande wa ukuta, umepima dirisha. Kura ya vibebeo iliyotajwa hapo juu hutibu hili pia, ndiyo sababu haifai kurukwa hata rezista zikiwa safi.

## Dalili: p ni ndogo ajabu, 0.00001, na mtu mwingine akirudia haipati

Hapa ndipo majaribio mengi huanguka. Fomula ya t inaamini kwamba kila namba uliyoipa ni shahidi anayejitegemea. Ukiipa mashahidi wa nyumba moja, itawahesabu kama wametoka nyumba nyingi.

Kesi ya kwanza ni pakiti. Betri nne za pakiti moja zimetoka mstari mmoja wa kiwanda, wiki moja, zikasafiri kwenye katoni moja na kukaa kwenye rafu moja. Hufanana kuliko betri nne zilizookotwa katika maduka manne. Kipimo cha kufanana huko huitwa ρ, kati ya 0 na 1, na idadi yako halisi ya mashahidi ni idadi ya betri kugawanya kwa 1 + (m − 1)ρ, ambapo m ni betri kwa pakiti. Ukiwa na betri 24 kutoka pakiti sita za nne nne, na ρ ikiwa 0.6, kigawanyo ni 2.8. Una mashahidi kama 8 au 9, si 24. Na ukinunua pakiti moja tu ya kila chapa, hata ikiwa na betri 40, umelinganisha pakiti mbili. Hakuna programu itakayoweza kukutenganishia chapa na pakiti.

Dawa nzuri: pakiti nane za kila chapa, kutoka maduka tofauti, betri moja kwa kila pakiti ndiyo inaingia jaribioni. Zinazobaki zitatumika nyumbani. Kama fedha hairuhusu, pima betri mbili kwa kila pakiti, tafuta wastani wa pakiti, kisha uingize wastani huo kwenye jaribio la t kama namba moja. Kwa maduka ya mitaani kuna faida ya ziada: betri bandia zikiwepo, zitajitokeza kwenye duka moja badala ya kuchafua chapa nzima.

Kesi ya pili ni tochi. Tochi ya betri mbili huzipanga mfululizo, na umeme uleule hupita kwenye zote. Ikichoka moja, tochi imezimika, na ile dhaifu huweza hata kugeuzwa chanya kuwa hasi na mwenzake mwenye nguvu, kisha ikavuja. Muda uliopata ni wa tochi, unaotawaliwa na betri dhaifu ya jozi. Betri 16 kwenye tochi nane ni namba nane, na kila tochi lazima iwe na chapa moja ndani.

Kesi ya tatu ni masomo ya mita. Betri moja iliyosomwa mara 36 ni betri moja. Anayeingiza volti zote 36 kama safu ya data na kulinganisha wastani wa volti atapata p yenye sifuri nyingi kwa sababu amejihesabia mashahidi 288 kwa betri 8.

## Dalili: programu mbili, p mbili

Karibu kila mara ni moja kati ya mambo matatu.

Aina ya jaribio. Lile la zamani, lililotokana na kazi ya William Sealy Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin aliyoichapisha 1908 kwa jina la "Student", hutumiwa kwa kuchanganya mitawanyiko ya makundi mawili kana kwamba ni sawa. Lile la Welch, la miaka ya 1940, haliidai mitawanyiko kuwa sawa. Kwenye Excel, T.TEST huishia na namba ya aina: 1 ni jozi, 2 ni mitawanyiko sawa, 3 ni Welch. R ukiandika t.test(a, b) hufanya Welch bila kuulizwa. SciPy ya Python, kwa ttest_ind, huchukulia mitawanyiko ni sawa hadi uandike equal_var=False. SPSS hutoa mistari yote miwili, nawe unachagua.

Makundi yakiwa na idadi sawa kama nane kwa nane, t hutoka ileile kwa njia zote mbili; zinatofautiana kwenye digrii za uhuru tu, 14 dhidi ya 12.2 kwa mfano wetu, na p hazipishani kwa maana. Hatari ni idadi isiyo sawa. Chukua A betri 20 zenye mkengeuko 0.5, B betri 5 zenye mkengeuko 1.6, tofauti saa 1. Njia ya kuchanganya inatoa t 2.48 na p karibu 0.02. Welch inatoa t 1.38, digrii za uhuru 4.2, na p karibu 0.24. Ya pili ndiyo ya kuaminiwa, maana kundi dogo ndilo lenye mtawanyiko mkubwa na njia ya kwanza imeuficha chini ya zile betri 20. Ushauri wetu ni Welch siku zote, hakuna unachopoteza.

Jozi. Panga safu moja ya data kuanzia ndogo hadi kubwa, ukiiacha nyingine ilivyo. P ikibadilika, ulikuwa unatumia jaribio la jozi, aina ya 1. Betri ya tatu ya A haina udugu na betri ya tatu ya B, hivyo kuziunganisha ni kosa. Jozi zinafaa pale tu kila A ilipopangiwa B yake kabla ya jaribio, kwa mfano rezista ileile ikitumika kwa A leo na kwa B kesho, kwa mpangilio uliopigiwa kura.

Upande mmoja au pande mbili. P ya upande mmoja ni nusu ya p ya pande mbili pale tofauti inapoelekea ulikotarajia. Kama hukuandika kabla ya jaribio kwamba unatafuta A kuishinda B tu, tumia pande mbili. Kubadili baada ya kuona p ya 0.07 ni udanganyifu, hata ukijidanganya mwenyewe.

## Dalili: chapa zinaonekana kutofautiana lakini p ni 0.15

Kwanza, jibu hilo halisemi chapa ni sawa. Linasema betri ulizonazo haziwezi kuamua. Tazama masafa ya kuaminika: kama ni kuanzia −0.3 hadi 1.9, bado inawezekana A inaishinda B kwa karibu saa mbili.

Idadi inayohitajika kwa kila chapa, ili uwe na nafasi ya 80% ya kuigundua tofauti kwa kiwango cha 5% (p chini ya 0.05), ni takriban 16 mara mraba wa (mkengeuko sanifu gawanya kwa tofauti unayoitafuta). Mkengeuko ukiwa 0.7 na unatafuta tofauti ya saa 1, ni 16 × 0.49, karibu 8. Ongeza moja au mbili kwa sababu ya udogo wa sampuli. Ukitafuta nusu saa, ni 31. Kupunguza tofauti kwa nusu kunakupandishia gharama mara nne. Kwa hiyo kabla ya kununua betri zaidi, punguza mkengeuko: rezista za 1%, miguso iliyolehemiwa, tarehe zinazokaribiana. Mkengeuko ukishuka kutoka 1.0 hadi 0.7, idadi inashuka kwa nusu bila kutumia hata shilingi dukani.

Kuna njia moja ya kuongeza betri ambayo hairuhusiwi: kuongeza mbili, kutazama p, kuongeza mbili tena, hadi iguse 0.05. Ukitazama mara nyingi vya kutosha itaigusa hata chapa zikiwa zimetoka mashine moja. Panga idadi kwanza, fika hapo, tazama mara moja.

Wanaopima betri tatu kwa tatu kwa jaribio la Mann-Whitney (linalotumia nafasi za namba zikipangwa kwa ukubwa, badala ya namba zenyewe) wana tatizo la pekee: p yao ya pande mbili haiwezi kushuka chini ya 0.10 hata A zote zikizishinda B zote. Namna za kugawa betri sita katika makundi mawili ya tatu ni 20 tu, na mbili kati yake ndizo zilizokithiri. Betri nne kwa nne zina namna 70, hivyo p ndogo kabisa ni karibu 0.03. Na nane kwa nane zina 12,870, ambapo kompyuta inaweza kuzipitia zote moja moja na kukupa p isiyotegemea umbo lolote la mtawanyiko. Kama unaona aibu kutetea jaribio la t mbele ya watu, fanya hilo.

## Dalili: betri moja ilikufa mapema mno

Betri ya saa 9 kati ya wenzake wa saa 17 na 18 hupandisha mkengeuko na kuiua t, hata kama wastani umeshuka. Usiifute kwanza. Pima rezista yake, tazama kama waya uligusana, tazama herufi na tarehe, tazama uvujaji. Ukikuta sababu ya meza (waya, rezista), iondoe, rudia na betri nyingine ya pakiti hiyohiyo, na uandike hivyo. Usipokuta sababu, betri hiyo ni sehemu ya chapa: mnunuzi naye atakutana nayo. Toa matokeo mara mbili, nayo na bila yake, pamoja na mediani (thamani ya katikati). Jaribio la t likikataa na Mann-Whitney likikubali, au kinyume chake, kitu kimoja kimelishika jibu lako lote, na msomaji anastahili kukijua.

Vipimo vya kuchunguza kama data zina umbo la kengele havisaidii sana kwa betri nane. Havina nguvu ya kuona kitu. Chora nukta kwenye karatasi.

## Dalili: muda umekwisha, baadhi bado ziko hai

Jaribio lilifungwa saa ya 18, betri tatu za A bado ziko juu ya 0.90. Kuziandikia 18 kunaishusha A. Kuzitupa kunaishusha zaidi, kwa sababu umetupa zile bora. Njia ya heshima ni kuziandika "18 na zaidi" na kutumia mbinu zinazolielewa neno hilo: mchoro wa Kaplan-Meier, wa tangu 1958, kwa kuona mediani, na jaribio la log-rank kwa kulinganisha. Kwa R ni kifurushi cha survival. Kwa betri, jibu jepesi zaidi ni kuacha jaribio liendelee hadi ya mwisho ife.

Kwa balbu za LED hapo hakuna njia ya mkato. Kisanduku kikisema saa 25,000, kuiwasha usiku na mchana ni karibu miaka mitatu, na kwa kawaida namba hiyo huhusu mwanga kufifia hadi 70%, wala si balbu kuzimika. Ukiwasha balbu 20 kwa saa 1,000 na hakuna iliyokufa, umepata saa-balbu 20,000. Kwa kuchukulia hatari ya kufa haibadiliki kwa umri, unaweza kusema kwa uhakika wa 95% kwamba wastani hauko chini ya 20,000 gawanya kwa 3, yaani karibu saa 6,700. Hicho ni kiwango cha chini tu, na chapa zote mbili zikipata sifuri huwezi kuzitenganisha. Pia hatari ya LED hubadilika: nyingi huanguka kwa kipande cha umeme cha ndani kuchoka na joto, na umeme unaopanda na kushuka huimaliza mapema balbu ambayo maabara yenye umeme tulivu ingeisifu.

## Dalili: p ni 0.01 na bado hujui ununue ipi

P haikujibu swali hilo na haitalijibu. Tumia masafa. Kwa namba zetu, A inaizidi B kwa saa 0.29 hadi 1.71, na kwa wastani 1.0, yaani 6% ya muda wa B. Bei ya A ikiizidi ya B kwa 6%, gharama kwa saa ni ileile. Ikizidi kwa zaidi ya karibu 10%, ambayo ni 1.71 gawanya kwa 16.7, B ndiyo nafuu kwa saa hata ukiipa A upande mzuri kabisa wa masafa. Ikizidi kwa chini ya 2%, chukua A.

Ukilinganisha chapa tano kwa jozi, zina jozi 10, na kwa 5% kila moja uwezekano wa angalau jozi moja kukudanganya unapanda mbali juu ya 5%. Gawanya 0.05 kwa 10, au utumie jaribio la Tukey, la kulinganisha jozi zote kwa pamoja, baada ya anova (jaribio moja la kulinganisha wastani wa makundi mengi).

Mwisho, matokeo ya omu 10 yabaki kwenye omu 10. Yanakaribia tochi ndogo na vichezeo vyepesi. Saa ya ukutani hunyonya umeme kidogo sana kwa mwaka mzima au zaidi. Humo kinachoamua ni betri kujimaliza yenyewe na kuvuja, na R6 ya bei nafuu inaweza kutosha kabisa. Kamera yenye flashi huvuta umeme mwingi kwa mikupuo, na chapa iliyoshika nafasi ya pili mezani inaweza kuongoza humo. Viwango vya IEC 60086 vya betri kavu hupima betri ileile kwa mizigo na mapumziko tofauti kwa sababu hiyo. Ukiandika matokeo, andika mzigo, kikomo cha volti, kama kulikuwa na mapumziko, joto la chumba, herufi za betri, tarehe za pakiti, na idadi ya pakiti pamoja na idadi ya betri.